Bibi Aliyekaa Mwisho wa Benchi

Mjomba alipofika pale kwenye wasifu wa marehemu panaposema kwamba Bibi "tangu ujana wake hadi siku ya mwisho hakukosa kujongea meza ya Bwana," damu ilinipanda mpaka masikioni. Kanisa lilikuwa limejaa hadi milangoni. Jeneza lilikuwa mbele, limefunikwa kitambaa cheupe ambacho Bibi mwenyewe alikuwa amekipiga pasi mara nyingi kwa ajili ya majeneza ya wengine. Watu wazima wote mle ndani walijua kwamba wanasomewa uongo mtupu. Mwenyekiti wa kina mama, aliyekaa benchi la mbele, alijua kuliko wote, na yeye ndiye aliyeitikia kwa kichwa taratibu kama shahidi anayethibitisha.

Nilitaka kusimama. Mama yangu, ambaye hahitaji kuambiwa mimi ni mtu wa namna gani, alinibana mkono mpaka ibada ikaisha. Mjomba nilimvaa baadaye nyuma ya kanisa. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba watu wametoka mbali, kwamba msibani si mahali pa kufukua mambo, na kwamba mimi tangu utotoni nina ulimi wa Bibi. Hilo la mwisho nililipokea kama sifa. Basi wasifu nauandika mimi, na wa kwangu hautiwi sukari.

Bibi yangu alikuwa mfuaji wa vitambaa vya altare. Hakulipwa, wala hakuomba kulipwa. Tangu mama yangu akiwa mtoto wa mgongoni, kila Jumatatu kikapu kilikuja nyumbani kutoka sakristia, chumba cha vifaa vya Misa: kitambaa kinachotandikwa chini ya kikombe na hostia, mkate wa komunyo, wakati wa Misa, vile vidogo vya kufutia kikombe, taulo la padre la kukaushia vidole, na mara moja moja kitambaa kirefu cha meza yenyewe. Alikuwa na beseni jeupe ambalo halikuguswa kwa kazi nyingine yoyote. Mama mdogo aliwahi kuoshea nyanya humo, na mpaka leo akilisimulia jambo hilo anashika shavu.

Kwanza aliloweka kwa maji matupu, bila sabuni, kwa sababu kwenye vitambaa hivyo huweza kubaki chembe ya hostia, na chembe hiyo kwa imani yetu ni Yesu mzima. Maji hayo ya kwanza hayamwagwi mtaroni. Aliyamwaga polepole chini ya ukuta wa uani, kwenye kipande cha udongo alichokizungushia matofali, na ole wake ambaye angekanyaga pale. Baada ya hapo ndipo ilikuja sabuni, kisha kamba ya kivulini, kisha wanga, kisha pasi ya mkaa, ambayo aliijaribu kwanza kwenye kipande cha shuka kuukuu. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Wengine walidhani ndilo jina lake la ubatizo.

Wasifu wa Mjomba ulisema pia kwamba alikuwa "mama mpole, mnyamavu, asiye na neno na mtu." Hapo hasira yangu ilikaribia kugeuka kicheko. Huyu mnyamavu alimsimamisha mwalimu wa kwaya mlangoni mwa kanisa na kumwambia kwamba sauti ya pili inaimba kama inadaiwa. Huyu mpole, akiwa katikati ya rozari, macho yamefumbwa, aliweza kumwamuru mtoto ashuke ukutani, akamkemea na mama wa mtoto, halafu akarudi kwenye ile ile punje aliyoachia. Alizaa, alilea, alilea na watoto wa wenzake, aliwafundisha katekisimu watoto wa mtaa mzima pale barazani kwetu, na kila mmoja wao alipopelekwa kupokea komunyo ya kwanza, Bibi ndiye aliyepiga pasi nguo zao nyeupe.

Kisha yeye alikuwa anakaa.

Hilo ndilo ambalo Mjomba alilifunika, na ndilo hasa maisha ya Bibi. Kwenye Misa alikaa siku zote mwisho wa benchi, upande wa njia. Wakati wa komunyo ukifika, benchi zima lilisimama kwenda kupanga mstari, naye alibaki amekaa, akigeuza magoti yake pembeni ili watu wapite. Wakirudi, aligeuza tena. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini yeye haendi. Akaniambia, "Ninapisha." Nikamuuliza kwa nini basi asikae katikati. Akasema ukikaa katikati watu watakuruka kama gogo, afadhali ukae mwisho upishe kwa heshima.

Sababu ilikuwa Babu. Babu alikuwa fundi baiskeli, na watu walimwita Mzee Breki, kwanza kwa sababu breki zake zilikuwa hazikosei, pili kwa sababu akishasimama mahali hakuna wa kumsogeza. Alipomtaka Bibi, alikwenda kwa baba yake, akaomba mbele ya ndugu, baba akakubali, Bibi akakubali, wakahamia pamoja kwenye chumba nyuma ya karakana. Walikusudia kwenda kanisani baadaye, mambo yakitulia. Lakini kabla hayajatulia, paroko wa wakati ule alipita karakana siku ambayo wakwe walikuwa wamekuja kumwona mtoto mchanga. Mbele yao wote alimwambia Babu kwamba anaishi kinyumba na mwanamke, kama mwizi aliyeingia dirishani, na aje haraka kuhalalisha.

Babu aliweka spana chini. Alisema maneno machache, na alikuja kuyarudia maisha yake yote kila alipobanwa: "Mimi nimeoa. Nikienda leo kuoa, nitakuwa nimekubali kwamba jana nilikuwa mwizi."

Hakwenda. Na kwa kuwa ndoa ilikuwa haijafungwa kanisani, Bibi akazuiwa kupokea. Yeye, si Babu. Babu hakuwa mtu wa kanisa sana hata kabla ya hapo, kwa hiyo adhabu ilimpita juu kama ndege, ikatua kwa yule aliyekuwa anaamini. Nimelifikiria jambo hili kwa upande wa paroko, nimelifikiria kwa upande wa Babu, na pande zote mbili naishia kukasirika. Wanaume wawili waligombea heshima yao, na mwanamke akakosa chakula.

Msidhani aliikubali hali hiyo kwa unyenyekevu. Alimsihi Babu, alimnunia, alimfichia baiskeli. Alimshonea suti nyeusi kwa vipimo alivyovichukua mwenzake akiwa amelala, akaitundika kabatini mahali ambapo kila akitafuta shati lazima aione. Babu aliisogeza pembeni kila asubuhi kwa mkono mmoja. Na bado mtu huyo huyo ndiye aliyemtengenezea Bibi meza ya kupigia pasi, akaipigia randa mpaka uzi usingeweza kunasa. Ndiye aliyepakia kikapu cha vitambaa kwenye baiskeli yake kila Jumamosi akakipeleka mpaka mlango wa sakristia, akagonga, akakikabidhi, akageuza. Alimpenda sana Bibi, lakini kwa jambo hili hakusogea.

Kazi ya vitambaa ilikuja vipi kwa mtu aliyezuiwa kupokea? Ilikuja kwa sababu mfuaji wa kwanza alihama, na hakuna aliyeitaka. Bibi alipoombwa, aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Alimuuliza huyu Mwenyekiti wetu, ambaye wakati huo alikuwa msichana katibu wa kina mama, kwamba kama mikono yake haifai kupokea, inafaaje kufua kilichompokea Yesu. Mwenyekiti akamjibu bila kusita. "Kufua ni kufua, dada. Kupokea ni kupokea."

Bibi alikichukua kikapu. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kwa nini hakumtupia usoni. Akasema alitaka kuwa karibu. Kama mezani hataitwa, basi walau ashike kitambaa cha meza. Alinijibu hivyo akinyunyiza maji kwenye nguo, na hakuniangalia.

Miaka ikaenda. Maparoko wakabadilika, mabati ya kanisa yakabadilishwa, msichana katibu akawa mwenyekiti na cheo akakikalia mpaka kikachukua umbo lake. Bibi akaendelea kugeuza magoti. Wanawe walipokea, wajukuu tukapokea, tulipita mbele ya magoti yake tukiwa tumefumbata mikono, na nasema kweli kwamba wengi wetu tulizoea. Watu walimwona kama sehemu ya benchi.

Kisha Babu akafa. Aliugua kifua muda mfupi, akafia mikononi mwa Bibi, kwenye kile kitanda alichokichomelea mwenyewe kwa mabomba ya baiskeli. Bibi alifungua kabati akaitoa ile suti. Ilikuwa imekaa miaka mingi kiasi kwamba kola imeanza kugeuka rangi, lakini aliipiga pasi, akamvalisha kwa mkono wake, na ilimtosha. "Hatimaye," alimwambia, akifunga kifungo cha mwisho. Nilikuwa nimesimama pembeni na beseni la maji, na sikujua kama nilie au nimwache peke yake.

Matanga hayajaisha, Mwenyekiti akaja. Alikaa mkekani, akatoa pole ndefu, akapokea chai, akanywa. Halafu akamwinamia Bibi na kumwambia kwamba Mungu ana njia zake, na kwamba sasa hakuna kizuizi. Kwa kuwa mzee ametangulia, yeye ni mjane huru, aende tu kitubio na Jumapili atapokea. Alisema kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyeleta habari njema. "Njia imefunguka, dada."

"Imefunguka ikipita wapi?" Bibi akamuuliza. "Juu ya mume wangu?"

Mwenyekiti akasema hakumaanisha hivyo, akamalizia chai yake upesi upesi.

Lakini Bibi alikuwa na njaa. Naomba mnielewe hapo, kwa sababu wasifu wa Mjomba haukuelewa. Yule mama alikuwa na njaa ya kile kitu tangu ujana, njaa kabisa, kama ya tumbo. Kwa hiyo, pamoja na hasira yote, baada ya kuanua matanga alivaa kitenge chake kizuri akaenda kitubio. Alirudi mapema kuliko tulivyotarajia, akaingia jikoni na kitenge chake hicho hicho, akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Siri ya kitubio ni ya padre, mwenye dhambi hazuiwi kusema, na Bibi alisema mpaka jirani wakasikia. Alitubu ulimi wake, alitubu hasira, alitubu kumsengenya mwalimu wa kwaya, alitubu kuku wa jirani aliyempiga jiwe. Padre akasikiliza yote, kisha akamwambia bado moja: atubu miaka yote aliyoishi na mwanamume bila ndoa. Bibi akamwambia alikuwa na ndoa. Padre akasema si mbele ya Kanisa. Bibi akasema basi kwa hilo haombi msamaha. Padre akasema bila hilo hawezi kumwondolea.

"Nimtubu baba wa watoto wangu?" alisema, akisugua. "Ameoza siku mbili hizi, tayari nimwite dhambi?"

Jumapili iliyofuata alikaa mwisho wa benchi na kugeuza magoti. Kuanzia hapo watu waliokuwa wakimhurumia wakaanza kumlaumu. Walisema sasa ni kiburi, kwamba meza imeandaliwa na mtu ndiye anayegoma. Ni rahisi sana kumwita mwenzako mwenye kiburi ukiwa umeshiba. Jumatatu kikapu kilikuja kama kawaida, naye akakiloweka. Nilimwambia viache, viache vitambaa vyao viote ukungu, ndipo watakujua. Akaniambia hasira yake ni na watu, si na mwenye nyumba, na zaidi ya hayo angemwachia nani, hawa wasichana wanaounguza hata chai?

Alizeeka hivyo. Mikono ikaanza kutetemeka, lakini ikishika pasi ilitulia. Mimi nilikuwa nimerudi kuishi naye, mimi na mume wangu na cherehani yangu, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu.

Alikuja padre kijana, mgeni parokiani, amepita nyumba kwa nyumba kujitambulisha. Alimkuta Bibi uani akipiga pasi kitambaa cha altare. Akamshukuru kwa kazi, na kwa kutaka kuongea tu akamuuliza mbona hajamwona kwenye mstari wa komunyo, kama ni miguu atamletea benchini. Bibi akamsimulia yote kwa ufupi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Padre kijana alisikiliza, na nilimwona uso wake unabadilika.

"Lakini mama," alisema, "hakuna aliyeomba kwa askofu?"

Bibi akauliza kuomba nini. Basi kijana wa watu akaeleza, na nadhani hakujua anachokibeba. Alisema sheria ya Kanisa ina njia kwa watu kama wao. Mmoja akiwa anaamini na mwenzake anakataa katakata kwenda kanisani, lakini wote wawili bado wanakusudia kuwa mume na mke, paroko huweza kumwandikia askofu, na askofu akaiponya ndoa ile toka kwenye mizizi yake. Inahesabiwa ndoa tangu walipokubaliana. Bila sherehe wala viapo vipya, na bila mwanamume kukanyaga mlangoni.

"Bila yeye kwenda?"

"Bila yeye kwenda, mama."

"Na haisemi kwamba jana alikuwa mwizi?"

Padre hakuelewa swali hilo, lakini mimi nililielewa. Ndicho kitu pekee Babu alichokataa. Yote aliyoyagombania maisha yake yote, sheria ilikuwa tayari kumpa, na yote aliyoyalilia Bibi pia, kwa barua moja.

"Ilikuwepo tangu lini, hiyo njia?" Bibi akauliza.

Padre kijana akasema ipo siku nyingi, kabla yeye hajazaliwa. Akasema kwa bahati mbaya sasa haiwezekani tena, kwa kuwa mzee hayupo. Tukasikia harufu. Bibi alikuwa ameiacha pasi juu ya kitambaa. Alipoinyanyua, katikati ya ile nguo nyeupe palikuwa na alama ya kahawia, umbo kamili la pasi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuunguza kitambaa cha kanisa. Aliitazama ile alama kwa muda, akaiweka pasi kando, akaingia ndani.

Kesho yake alitaka nimpeleke kwa Mwenyekiti. Tulitembea pole pole, yeye akishika bega langu, na hakusalimia mtu njiani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hakukaa alipokaribishwa. Alimuuliza Mwenyekiti kama aliwahi kusikia habari ya askofu kuponya ndoa.

Nilitegemea mshangao. Nilitegemea mama wa watu ashike mdomo, alie, waombe pamoja, mambo yaishe. Mwenyekiti akapanga panga vitambaa vya makochi yake, akasema aliwahi kusikia, zamani, kwenye semina moja ya viongozi. Lakini waliona ni jambo la kutumia kwa uangalifu, vijana wasije wakaiga, kila mtu akakaa kinyumba akingoja barua. Na kisha akaongeza, bila ubaya hata kidogo, "Na wewe hukuuliza, dada."

Hukuuliza. Nimelitafuna neno hilo tangu siku hiyo na halimezeki. Mtu ataulizaje kitu asichojua kama kipo? Alikuwa anawafulia, wanakutana naye kila wiki, wanampa kikapu mkononi, wanamsifu wanga wake, wanapita mbele ya magoti yake kwenda na kurudi, na katika midomo yote ile hakupatikana mmoja wa kumwambia. Waliogopa kuwaharibu vijana. Mimi nilikuwa mmoja wa hao vijana, na kilichoniharibu ni kumwona yeye amekaa.

Bibi aligeuka akatoka. Njiani kurudi alisema jambo moja tu, kwamba Babu angecheka sana. Halafu alilia, na nilimsimamisha kando ya ukuta wa duka la vyuma tukangoja amalize.

Baada ya hapo hakuwa na nguvu tena. Alifua mpaka siku aliposhindwa kunyanyua beseni, kisha akalala. Padre kijana alikuja kila alipopata nafasi. Sijui walichozungumza siku ya mwisho, kwa sababu alituomba tutoke chumbani, na safari hii Bibi hakutusimulia. Najua tu kwamba mlango ulipofunguliwa, padre alikuwa na macho mekundu, akasema tuandae meza.

Mama akatafuta kitambaa cheupe. Bibi akaonyesha kwa kidole chini ya mto. Palikuwa na kile kilichoungua, kimefuliwa, kimetiwa wanga, kimekunjwa kikunjo cha altare. Padre alitandika kwenye stuli, akaweka juu yake kile kikasha kidogo cha hostia, juu kabisa ya ile alama ya pasi. Tukapiga magoti kuzunguka kitanda, Mjomba naye yupo, sala zikaanza. Padre aliinua hostia, akasema maneno yake, nasi tukajibu.

Na Bibi, pale kitandani, chini ya shuka, akageuza magoti yake pembeni.

Alikuwa anatupisha. Tuliona sote. Mjomba aliinamisha uso kwenye godoro. Nikanyoosha mkono nikayashika yale magoti, yalikuwa mepesi kabisa, nikayarudisha mahali pake. "Bibi," nikamwambia, "leo ni wewe."

Alifungua macho akamtazama padre, akafungua kinywa. Alipokea kama mtoto, ulimi nje, macho kwa padre, asije akabadili nia. Alifariki wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo Mjomba alikuwepo. Aliyaona yale magoti. Halafu akasimama mbele ya kanisa lililojaa na kusoma kwamba hakukosa kujongea meza ya Bwana, ili jina la ukoo lisitiwe doa, na kanisa zima likapumua. Uongo ule uliwapendeza wote, ndiyo maana naukataa. Bibi alipokea akiwa msichana, na akapokea tena akiwa anakufa. Katikati ya hapo alifua.

Jana Mwenyekiti alikuja. Hata viti vya msiba havijarudishwa. Alikuwa na kikapu, ninakijua kile kikapu, mpini wake Babu aliufunga kwa waya wa breki. Akakiweka mlangoni, akasema mimi ndiye niliyekuwa nashinda na Bibi, naijua kazi, na Jumapili haingoji.

Nikamkumbusha kwamba mimi sipokei. Mume wangu si mtu wa kanisa na hataki kusikia habari ya kufunga ndoa mara ya pili na mke wake. Mwenyekiti anajua hayo, mtaa mzima unajua. Akanipapasa bega.

"Kufua ni kufua, binti yangu," akasema. "Kupokea ni kupokea."

Nilimtazama kuona kama anakumbuka aliwahi kumwambia nani maneno hayo. Hakumbuki. Kwake ni maneno tu. Nikamwambia sawa, nitafua, lakini kwanza tutoke hapa sasa hivi, mimi na yeye, twende kwa padre, akasimame mbele yake aniombee ile barua ya askofu, kwa mdomo wake mwenyewe. Maana mimi, tofauti na Bibi, ninauliza. Akasema mambo hayo hayaendi kwa haraka, na kwamba vitambaa ni vya Jumapili hii. Nikamwambia basi Jumapili hii watandike vichafu.

Akaondoka akiwa ameshika kichwa. Kikapu amekiacha, kipo pale pale mlangoni, na kila anayeingia anakiruka. Beseni jeupe nimelisafisha, nimelifunika. Kikapu sijakigusa.